Bajaji ya Magurudumu Matano

Ukitaka kumtembeza mzee mjini Moshi, toka naye saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mara nyingi iko wazi, mawingu hayajaifunika, jua ni dogo, na wamachinga hawajatandika viatu na nguo kando ya barabara, kwa hiyo kitimwendo kinapita. Ikigonga saa nne, njia ya waenda kwa miguu imeshakuwa duka. Haya nayajua vizuri, maana kutembeza wageni wazee ndiyo kazi inayonipa ugali. Ndiyo sababu kisa hiki nimekaa nacho miezi miwili bila kumwambia mtu.

Mgeni mwenyewe alikuwa bibi wa Tanga, wa Ngamiani, miaka 78, magoti yamechoka lakini ulimi mzima. Anasimama dakika tano akishika kitu, anapiga hatua kumi na mkongojo, basi. Alikuja na haja mbili: auone mlima kwa macho yake, na aonje kahawa ya Wachaga ajue kama inaifikia ile chungu ya kwao inayoshushiwa na kashata.

Jana yake nilikuwa nimeshapita na tepu kupima. Hii kazi bila tepu ni ubabaishaji. Mgahawa wa kwanza una ngazi tatu za sentimita 15 kila moja. Meneja akaniambia, "Usijali, tuna njia ya walemavu," akatoa ubao wa mita mbili. Hesabu ni nyepesi: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu ni sentimita 45, kwa hiyo unahitaji karibu mita tano na nusu, na kwenye ubao wa mita mbili anayesukuma atarudi kinyumenyume na mgonjwa wake mpaka barabarani. Nikashukuru, nikaondoka.

Mgahawa wa pili ulikuwa na kizingiti kimoja tu, kifupi. Hapo nikauliza choo. Usiulize "choo kipo?", maana jibu ni "kipo, karibu sana" hata kama ni shimo nyuma ya stoo. Uliza cha kukaa au cha kuchuchumaa, mlango unafungukia ndani au nje, halafu pima mwenyewe. Vitimwendo vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 65, na milango ya vyoo vyetu mafundi huifinya kana kwamba mbao ni dhahabu. Wa pale ulikuwa sentimita 75, unafungukia nje. Nililala usingizi mzuri.

Kikabaki chombo cha kututoa Majengo mpaka Mnara wa Saa. Daladala sikuifikiria: ngazi yake iko juu, konda ana haraka, na kiti kitafungwa juu ya keria na kamba ya katani. Nikaita bajaji. Sakafu yake iko chini na haina mlango wa kukubana. Kanuni ni makalio kwanza, miguu baadaye. Mgeuze mzee mgongo uelekee kiti, akae ukingoni, inamisha kichwa chake kwa mkono wako kisipigwe na bomba la paa, ndipo uzungushe miguu kuiingiza. Ukimwambia "panda bibi," atanyanyua goti bovu, na safari itaishia hapohapo.

Nilipomwelekeza hivyo akaniangalia. "Mwanangu, kukaa nako umekusomea?"

"Ndiyo, bibi."

"Maskini."

Halafu, kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu, akavua makubazi yake akayaweka chini kwa adabu. Shikeni hapo, tutarudi kwenye hayo makubazi.

Kitimwendo alikuwa ametumiwa na mjukuu wake aliyeko Muscat. Si kile cha chuma cha hospitalini ambacho magurudumu yamefungwa kwa nati. Hiki ni cha aluminiamu, na magurudumu makubwa ya nyuma, ya inchi 24, yanachomoka: unabonyeza kitufe kilicho katikati, unavuta, linatoka na pini yake. Ukilirudisha unalisukuma mpaka lilie "ka!", kisha unalivuta bila kubonyeza, ujiridhishe. Lisipolia, usimkalishe mtu.

Kiti kikikunjwa kinabaki chembamba, sentimita 30 hivi, ila urefu haupungui, na ndani ya bajaji kuna miguu ya watu. Kwa hiyo nikakivua kila kinachovulika. Vikanyagio pea moja, viegemeo vya mikono pea moja, magurudumu pea moja. Fremu nikaisimamisha miguuni petu, vidogo nikavipakata, magurudumu nikayasimamisha nyuma ya kiti cha abiria, chini ya turubai. Na kwa kuwa mimi ni mtaalamu, nikaandika kwenye simu: *Fremu. Mto. Mkoba. Pea 3.*

Njiani nilimfundisha dereva kuhusu vyuma vya mitaro. Yale magurudumu madogo ya mbele yakiingia kwenye pengo la chuma yanageuka na kukwama. Kiti kinasimama, mzee anaendelea na safari. Dawa yake ni kukanyaga kile chuma kinachochomoza nyuma, kiti kiinue pua, uvuke kwa magurudumu makubwa peke yake. Dereva akasema, "Aisee mangi, hii elimu." Nikajiona profesa.

Tukafika mnarani. Gari la nyuma likaanza honi. Nikamshusha Bibi, akashika mkongojo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, nami nikahesabu huku nimeshika simu. Fremu, ipo. Mto, upo. Mkoba, upo. Vikanyagio, pea ya kwanza. Viegemeo, pea ya pili. Makubazi ya Bibi, pea ya tatu. Tiki! Nikalipa kwa noti, bajaji ikaondoka.

Nilikikunjua kiti, nikainama kuchomeka gurudumu, mkono ukashika hewa.

Namba ya dereva sina. Ningelipa kwa simu ingebaki kwenye ujumbe wa muamala, na hilo nawaambia wageni wote, ila mimi nilikuwa na noti. Bibi alikuwa ameshasimama dakika nne.

Nikamkalisha hivyohivyo. Kitimwendo kisicho na magurudumu ya nyuma hakikai sawa: mbele kinashikwa na yale madogo, nyuma chuma kinalala sakafuni. Bibi akaegemea nyuma nusu ya kulala, miguu juu, kidevu juu, kama abiria wa meli yuko likizo. Nikangoja anitukane. Kimya. Kisha akasema polepole, "Kumbe ndo huyo."

Nikageuka. Kibo ilikuwa wazi yote, theluji inang'aa, na kwa ule mlalo ilikuwa imeingia machoni mwake sawasawa. Kuna wageni nimewapeleka mpaka Machame wakaambulia ukungu.

Fundi viatu wa jirani akaleta kreti tupu la soda, tukaliingiza chini ya nyuma ya fremu, nikatikisa kuona kama linayumba. Halikuyumba. Sasa Bibi akawa amekaa wima, juu kidogo kuliko watu wote. Nikamwachia fundi viatu amtazame, nikakimbilia maegesho ya bajaji kumsaka mtu niliyemkumbuka kwa jambo moja tu, kwamba alisifia elimu yangu. Niliulizwa bajaji ni ya rangi gani. Nikasema bluu. Zilizoegeshwa pale nane, bluu sita.

Baada ya saa nzima nikarudi mikono mitupu. Kumbe watu walikuwa wakipita, wakaona bibi mwenye kanga mpya amekaa juu ya kiti cha ajabu, kila mmoja anatoa shikamoo, naye anaitikia marahaba na kuuliza ukoo. Muuza karanga alikuwa amemwachia ndoo yake akanunue vocha, akaona wateja hawapungui, akaenda na chai kabisa. Bibi alikuwa ananyoosha vifungu vya karanga na kusema, "Mbili chukua, moja itakutia njaa tu."

Ndipo ile bajaji ikatokea, dereva amenuna. Alikuwa amempeleka abiria Pasua, akaruka tuta, akasikia "kwangala!" nyuma. Akajua beringi imekufa. Akaenda kwa fundi, fundi akafungua tairi la kulia, akapaka grisi, akafunga. Wakajaribu: kwangala. Akafungua la kushoto. Kwangala. Mwishowe fundi akafunua turubai la nyuma aifikie injini, akatazama kwa muda mrefu, akamwuliza, "Kaka, hii bajaji yako ina magurudumu mangapi?"

"Matatu."

"Hesabu tena."

Alinidai ufundi elfu tano na grisi elfu mbili. Nikalipa kwa simu.

Nikachomeka la kulia: ka! Nikavuta, limeshika. La kushoto: ka! Nikatoa kreti, nikafunga breki zote mbili, nikarudisha vikanyagio, nikamvisha makubazi. Mgahawa ulikuwa mita mia mbili tu, na kile choo cha sentimita 75 kilikuwa kinatungoja.

"Haya Bibi, twende tukanywe kahawa."

"Ngoja kwanza," akasema, mkono tayari ndani ya ndoo. "Nina mteja."