Mstari wa Sentimita 10

Nilipofunga breki kubwa kwenye gari langu nilizipaka kalipa, yale makoleo yanayoibana diski, rangi nyekundu mwenyewe, kwa brashi ndogo, siku mbili nzima nimepiga magoti. Naianza hadithi na hiyo rangi kwa sababu ndiyo iliyotangulia kufa.

Diski mpya za mbele zilikuwa na kipenyo cha milimita 330, na kalipa zake, za pistoni nne, zilikuwa nene kama tofali. Rimu zangu za inchi 15 zilikuwa nje ya mashindano tangu mwanzo. Inchi 15 ni milimita 381, na kalipa inakaa juu ya diski, haikai ndani yake. Nikaenda kutafuta rimu za inchi 17 zilizokwisha kutumika.

Sikwenda kichwa kichwa, jamani. Watengenezaji wa breki hutoa mchoro wa kalipa: unauchapa, unaubandika kwenye kadibodi, unaukata, kisha unauzungusha ndani ya rimu kabla hujatoa hela. Muuzaji alinikuta nimechuchumaa, kadibodi mkononi, nikinong'ona hesabu kama mganga. Mashimo matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3, sawa. Tundu la katikati, sawa. Juu ya kalipa, nafasi tele. Kati ya uso wa kalipa na spoki za rimu, milimita 2. Nilikuwa nimesoma kwamba ziachwe angalau 3, lakini nikajiuliza, kwani milimita moja ni nini? Nikalipa.

Baba mkwe alikuja siku niliyozifunga. Ni fundi cherehani mstaafu, gari hajaliendesha maishani mwake. Alivuta kiti akakaa kimya. Na mimi, kwa kuwa nina mtazamaji, nikawa nakaza nati kwa mbwembwe. Moja ya mbele ilikuwa nzito kidogo mwishoni. Nikaiongezea nguvu, ikakubali.

Nikashusha jeki, nikawasha, nikatia gia. Gari halikwenda. Nikaangalia breki ya mkono: imeshuka. Nikabadilisha gia. Nikaongeza mafuta. Gari likainua mgongo kama paka aliyeona mbwa, halafu mbele kukatoka sauti ya mtu anayekwangua sufuria kwa patasi. Nikasonga kama hatua moja. Chini kulikuwa na unga mwekundu.

"Mwanangu," akasema baba mkwe, "hilo gurudumu, kabla hujalishusha, ulilizungusha kwa mkono?"

Sikuwa nimelizungusha.

Tukalipandisha tena. Halizunguki hata kwa mikono minne. Nilipolegeza nati, likazunguka kama feni. Maana yake nilikuwa nimezibana spoki juu ya kalipa, na rimu haikukalia habu, kile kitovu inachofungwa, ipasavyo. Ilikuwa inaning'inia kwenye kalipa. Kwa mwendo ule nati zingeweza kulegea zenyewe barabarani. Hapo jasho likabadilika, likawa la baridi.

"Lakini nilipima!" nikamwambia, nikamletea kadibodi kama ushahidi mahakamani.

Aliigeuza, akaisoma, akavaa miwani, akaisoma tena. Pembeni ya mchoro palikuwa na mstari mdogo na maandishi: mstari huu uwe na urefu wa sentimita 10. Akachomoa futi ya kitambaa mfukoni (alistaafu, futi haikustaafu) akailaza juu ya mstari.

"Tisa nukta nne."

Printa yangu ilikuwa imeupunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi. Kalipa inayochomoza milimita 50 nilikuwa nimeipima kama ya 47. Zile milimita 2 zangu za fahari, kwa kweli, zilikuwa upungufu wa milimita moja.

"Ningekata suruali kwa karatasi hii," akasema, "mteja angekwama mapajani."

Nikataja speisa, kile kisahani cha kuisogeza rimu nje, ya milimita 5 tu. Akauliza nati zinashika nini. Nikaanza kumweleza kwamba kila mzunguko wa nati zangu ni milimita 1.5, na nikiwa katikati ya hesabu nikagundua speisa ingenila mizunguko mitatu na ushee kwenye stadi, zile skrubu zinazoshika nati, ambazo tayari ni fupi. Nikanyamaza mwenyewe.

Gari likakaa juu ya stendi wiki tatu. Nikabadilishana rimu na mtu mwenye za inchi 17 zenye spoki zilizobinuka kwenda nje. Safari hii mchoro ulichapwa kwa asilimia 100, na mstari aliupima baba mkwe mwenyewe, mara mbili. Gurudumu nikalizungusha kwa kidole kimoja.

Tukatoka kulijaribu, yeye nyuma, ametulia. Tulipokuwa mbali kabisa na nyumbani akaniinamia.

"Na lile la akiba kwenye buti, ni inchi ngapi?"