Tulikimbilia nje, na hatukukosea
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema kwamba tetemeko la ardhi la Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, la tarehe 10 Septemba 2016 lilileta madhara makubwa kwa sababu wananchi walipatwa na taharuki. Naomba kutofautiana naye, kwani siku hiyo nilikuwa Bukoba.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu hivi za alasiri. Mwanzoni nilisikia mngurumo, nikadhani ni lori la mawe linapita barabarani, hadi nilipoona vikombe vya kahawa vikisogea vyenyewe mezani na vumbi la chokaa likinidondokea begani. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amezaliwa na kuzeekea hapo, hakuwa na neno la kuliita jambo lile, aliniuliza tu, "Mwanangu, ni nini hiki?"

Tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 si kubwa sana kwa watu wa Japani, lakini huku kwetu, kandokando ya Ziwa Viktoria na mbali kidogo na mkondo wa magharibi wa Bonde la Ufa, nyumba nyingi zimejengwa kwa tofali zilizounganishwa kwa udongo, bila nondo wala lenta (mkanda wa zege unaofunga kuta juu ya milango na madirisha), na ukuta wa namna hiyo ukishapasuka kwenye kona huanguka wote kwa pamoja. Waliofariki, zaidi ya watu 15, wengi waliangukiwa na kuta. Sisi tuliokimbilia nje tulilala chini ya migomba kwa siku kadhaa, na ardhi iliendelea kutetema usiku.