Anayeonja chai hatumcheki, wa waini je?

Juzi tumekaa kwenye kahawa pale Mji wa Kale, jamaa mmoja akaanza kuwacheka watu wanaolipa pesa nyingi kwenye mahoteli ya Nyali waonje waini tano tano, ati hii ya Bordeaux kule Ufaransa, hii ya Stellenbosch kule Afrika Kusini, hii zabibu zake zilivunwa 2015 hii 2018, wazungusha glasi, wanusa, watema. Maringo matupu, akasema, na baraza zima likamuunga mkono.

Na ana hoja, si kwamba hana. Robert Hodgson, yeye mwenyewe mtengenezaji waini huko California, aliwapa majaji wa shindano waini ileile mara tatu, kutoka chupa moja, bila wao kujua, na matokeo yake aliyoyatoa 2008 ni kwamba kama jaji mmoja tu kwa kumi ndiye aliyeipa waini hiyo medali ileile mara zote tatu. Halafu kuna wale wanafunzi 54 wa Bordeaux, waini nyeupe ikatiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaielezea kwa maneno ya waini nyekundu. Aibu kweli.

Lakini hiyo mmoja kwa kumi mimi naona watu waibeba vibaya. Majaji walikuwa na glasi kama 30 mbele yao, na walichoulizwa ni alama za kugawia medali, si kama hii na hii ni tofauti. Chukua mama anayepika pilau za arusi, mwonjeshe masinia mawili, atakwambia pale pale lipi limezidi bizari na lipi nyama yake haikukaangwa vizuri. Sasa mpe masinia 30 mfululizo umwambie kila moja alipatie alama kwa 100, na ulirudishe lile la kwanza mara tatu kimyakimya. Hapo atatoa 91 kisha 84 halafu sijui ngapi, na wewe utatoka useme mama hajui pilau? Kilichoanguka ni alama, ulimi uko palepale.

Halafu sisi Mombasa ndio wa mwisho kucheka, bana. Hapa hapa mjini kuna mnada mkubwa wa chai nyeusi, chai yatoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, na binamu yangu kazi yake ni kuionja. Vikombe vyeupe vimepangwa mstari mrefu, yeye apita na kijiko, afyonza kwa kelele mpaka waona haya, atema, aenda kinachofuata. Kwa ulimi huo bei yapanda au yashuka, na hakuna aliyewahi kumwambia ni maringo.

Mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye chupa nao si hadithi ya lebo. Bordeaux 2013 masika yalikuwa ya baridi, mvua ya mawe ikapiga, zabibu zikaoza kabla ya kuiva sawasawa. Cape, huko huko Afrika Kusini, 2018 ilikuwa ukame ule uliotaka kuwakaushia mabomba Cape Town, mavuno yakawa machache. Ukiwa na ulimi uliozoea utahisi kitu, ingawa bei ya mwaka uliosifiwa hiyo ni habari nyingine, mgema akisifiwa tembo hulitia maji hata Ufaransa.

Ninachomkubalia jamaa kabisa ni hiki: hapa kwetu kulinganisha miaka mara nyingi ni kulinganisha magodauni. Waini yataka kulala kwenye digrii 12 hadi 14, na Machi hapa joto lapita 30, chupa imesimama dukani kwenye rafu, jua la alasiri laipiga. Tazama kizibo, kikiwa kimeinuka juu kidogo na shingo inanata, hiyo ishapikwa, tunda lanuka kama jamu, na mtu aimeza akisema ndio ladha ya mwaka.

Basi wiki ilopita nilichukua chupa mbili za duka moja, waini moja, mwaka mmoja, moja nimeiweka frijini tangu Disemba, moja juu ya kabati la jikoni. Nikaitoa ile ya frijini mapema zilingane joto, zote nikazifunga gazeti, nikamwita yule jamaa wa barazani, ambaye ni mtu wa bia na waini haijui. Akaonja ya kwanza, kimya. Akaonja ya pili akakunja uso, akairudisha mezani.

"Hii imeungua," akasema.