Cheti cha Muhimbili kwenye mlango wa Manchester

Manchester, kwenye kituo cha mitihani cha baraza la madaktari la Uingereza, GMC, kuna vyumba vidogo vilivyopangwa kama vibanda vya sokoni. Daktari anasimama nje ya mlango, anasoma karatasi kwa dakika moja na nusu, kengele inalia, anaingia. Ndani yupo mwigizaji anayejifanya mgonjwa, na pembeni mtahini kimya. Dakika nane, kengele tena, mlango unaofuata. Milango 16. Huo ndio mtihani wa PLAB, wa madaktari wengi waliosomea nje ya Uingereza, sehemu ya pili, na haufanyiki kwingine kokote duniani. Kabla ya kufika hapo umeshafaulu Kiingereza na umeshajibu maswali 180 ya sehemu ya kwanza, na kabla ya kusajiliwa utalipia pia uhakiki wa cheti chako. Ada ya hiyo sehemu ya pili peke yake ni kama pauni 1,000, kabla ya viza, tiketi ya ndege na pa kulala.

Rafiki yangu mmoja, mhitimu wa Muhimbili, aliniuliza wakati anakusanya nauli: "Nimezalisha, nimepasua, nimekesha wodini peke yangu na taa ya simu. Wananipima nini tena?"

Swali zuri, ila wanaomtaka afanye mtihani nao wana hoja. Februari 2008, daktari aliyesajiliwa Ujerumani alisafiri hadi Cambridgeshire kushika zamu yake ya kwanza Uingereza. Alikuwa hajalala vya kutosha. Mgonjwa mmoja, mzee wa miaka 70, alikuwa na maumivu makali ya figo. Daktari akamchoma miligramu 100 za dayamofini, dawa kali ya maumivu, mara kumi ya dozi inayofaa, na yule mzee akafariki. Dawa yenyewe daktari hakuwa ameizoea huko alikotoka. Alikuwa na cheti halali na uzoefu wa miaka. Alichokosa ni mtu wa kumkagua kama anaijua hospitali ya nchi ile: dawa zake, vipimo vyake, lugha yake. Ukishasoma kisa hicho, ni vigumu kusema mitihani hii ni ubaguzi mtupu.

Lakini hebu tuangalie ni nani aliyefanya kosa lile. Hakutokea Dodoma wala Kampala. Ni daktari aliyeingia bila mtihani wowote, kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya ilisema cheti cha nchi mwanachama kinatosha. Hata Kiingereza chake GMC haikuwa na mamlaka ya kukipima. Mamlaka hayo ilikuja kuyapata mwaka 2014. Uingereza imeshajitoa kwenye umoja huo, lakini vyeti vingi vya Ulaya bado inavipokea bila PLAB. Mhitimu wa Bulgaria anapita mlango wa mbele, mhitimu wa Muhimbili anapelekwa Manchester. Kama mtihani unamlinda mgonjwa, mbona unamlinda dhidi ya baadhi tu ya wageni?

Watetezi wa utaratibu huo watakujibu kwamba Ulaya ina kiwango kimoja kilichoandikwa: angalau miaka mitano na saa 5,500 za mafunzo. Vyuo vya kwetu, watasema, kila kimoja na lake. Hapo siwezi kuwabishia sana. Sote tumeona vyuo vya udaktari vikiongezeka haraka kuliko vitanda vya kufundishia, na wanafunzi wakimzunguka mgonjwa mmoja kama wanaangalia mpira. Kuna wakati digrii ya Makerere ilitambuliwa na GMC hiyohiyo bila maswali. Kilikuwa chuo kimoja, darasa dogo, na wakaguzi walikijua. Leo mtu aliye Manchester hawezi kukijua kila chuo cha Afrika Mashariki, na kumpima mtu mwenyewe ni haki zaidi kuliko kuhukumu jina la chuo chake.

Hata ile sehemu ya maigizo, ambayo wengi wetu huicheka, nimeanza kuiheshimu. Mtahini anataka kumsikia daktari akimuuliza mgonjwa, "Wewe mwenyewe unadhani ni nini? Unahofia nini hasa?" Kliniki yenye watu sabini kwenye benchi haikufundishi kuuliza hivyo. Inakufundisha kuandika huku unasikiliza, na kumwita anayefuata kabla aliyepo hajafunga kifungo cha shati. Bibi yangu angefurahi sana kuulizwa anahofia nini.

Linaloniudhi mimi ni hesabu ya uzoefu. Chukua daktari bingwa wa upasuaji aliyefuzu kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha. Ametibu majeraha ya bodaboda kila wiki, amefungua matumbo usiku umeme ukikatika. Akifika Uingereza, mara nyingi anaanza ngazi za chini, akimwandikia maelezo mpasuaji aliyefanya upasuaji mchache kuliko yeye. Ipo njia ya kuomba ubingwa wako utambuliwe kwa ushahidi wa kazi, lakini inadai makaratasi ya upasuaji uliofanya, yaliyothibitishwa, kutoka hospitali ambako rejista ya chumba cha upasuaji ni daftari lililoliwa na unyevu. Hapo hakipimwi tena kisu chake, unapimwa utunzaji wa mafaili.

Nyani haoni kundule, na sisi tusijisahau. Machi 2017, madaktari wa Kenya wakiwa wametoka kwenye mgomo wa siku 100, Rais Magufuli alikubali kuwapeleka huko madaktari 500 wa Kitanzania. Madaktari wa Kenya walikwenda mahakamani, na mahakama ikazuia. Hoja yao nzito haikuwa kwamba Mtanzania hajui kutibu. Walisema Kenya ina madaktari wake wasio na ajira. Aprili mwaka huohuo Magufuli akaamuru waombaji 258 wa nafasi hizo waajiriwe nyumbani. Pale cheti hakikuwa na tatizo, ila mwenye cheti hakutakiwa. Tangu hapo, kila nikisikia "usalama wa mgonjwa" nasikiliza pia kama kuna "soko letu" chini yake. Vijana wetu wanaorudi na digrii kutoka China au Ukraine nao wanapokewa kwa macho ya shaka na mtihani wa kabla ya intani, tena na watu walewale wanaolalamikia Manchester.

Wapo wanaosema ugumu huu unatusaidia kubaki na madaktari. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi 55 ambazo mataifa tajiri hayatakiwi kuzivamia kutafuta wahudumu wa afya. Orodha hiyo haimzuii mtu kuomba mwenyewe, na sioni kwa nini imzuie. Wale 258 walikuwa nyumbani, wana leseni, hawana kazi. Mlango mgumu wa Uingereza haukumpa mgonjwa wa Kigoma hata daktari mmoja kati yao.

Na kabla ya kumlaumu mzungu, tuanze na barua pepe. Ukitaka kazi Oman au Saudia, cheti chako hutumwa kuhakikiwa chuoni kwako moja kwa moja. Najua mtu aliyesubiri miezi mitano kwa sababu ofisi ya usajili ya chuo chake, hapahapa nchini, haikujibu. Alipanda basi, akakaa kwenye korido siku mbili mpaka mhusika akafungua ujumbe. Kujibu kulichukua dakika kumi.

Rafiki yangu wa PLAB alifaulu mara ya kwanza. Julai 2025, wakati anatuma maombi ya kazi, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kwenye nafasi za mafunzo wahitimu wa vyuo vyake watapewa kipaumbele. GMC haijaacha kuuza viti vya mtihani. Ana namba ya usajili ya tarakimu saba, ameihifadhi kwenye simu, na wiki hii ana zamu tatu za usiku Temeke.