Mwaridi na Miiba Yake ya Maonyesho

Jamani, hebu tuulizane. Mmea umejaa miiba kuanzia shinani mpaka mgongoni mwa jani, ukiugusa vibaya unatoka na damu. Halafu unakuja usiku mmoja tu wa jalidi, baridi ya kugandisha maji, na asubuhi majani machanga yote yamelegea na kuwa meusi kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Miiba yote hiyo ilikuwa ya kumtisha nani? Mwenye kumwagilia?

Tena limetoka limejipamba! Jani changa la waridi mara nyingi huwa na rangi ya damu ya mzee. Wasiojua wanadhani ni ugonjwa, kumbe ni kinga ya mwanga mkali mpaka kijani kikomae. Ila rangi si koti. Ngozi bado nyembamba, nta haijakaza, ndani maji matupu. Maji yakiganda, seli zinapasuka, na hapo hakuna wa kuzishona.

Kinachoudhi kuliko vyote ni jani lililopigwa na baridi likiwa bado limekunjwa ndani ya chipukizi. Linakuja kufunguka siku kadhaa baadaye, anga jeupe, jua linacheka, na lenyewe lina makunyanzi na matundu. Mhalifu alishaondoka, kwa hiyo kesi anabebeshwa kiwavi. Litazameni vizuri: matundu ya kushoto yanafanana na ya kulia, kama karatasi iliyokunjwa ndipo ikakatwa. Kiwavi anayelila jani lililokwisha kufunguka hana adabu ya kula kwa vipimo hivyo. Na duara safi ukingoni mwa jani? Huyo ni nyuki mkata majani, hadhuru kitu.

Upepo nao una vituko vyake. Unalipeperusha jani mpaka linachanwa na mwiba wa tawi lake lenyewe! Mvua ya mawe angalau ni muungwana, inaacha makovu upande mmoja wa shina, ule iliotokea.

Sasa ngoja binadamu afike. Ameona doa, keshabeba bomba la dawa. Doa la ukungu mweusi kwa kawaida huanzia majani ya chini, kingo zake zimechakaa na pembeni pana umanjano. Ubwiri unga ni vumbi jeupe. Vidukari huacha utomvu unaonata. Baridi haina vyote hivyo, na hakuna dawa ya kuua jana usiku. Mbaya zaidi, sabuni au mafuta yakipuliziwa jua kali, joto likipita nyuzi 30 hivi, yanaunguza hata jani lililopona.

Mwingine anakimbilia mbolea ya naitrojeni, eti kumpa pole. Mwaridi unatoa majani mengine laini zaidi, tayari kwa baridi inayofuata. Wa tatu ana mkasi, anakata siku hiyohiyo. Subiri, bwana! Wiki mbili au tatu, mpaka ijulikane tawi limefia wapi. Ukikata, angalia kiini: kikiwa kahawia shuka chini, kikiwa cheupe au kijani simama, nusu sentimita juu ya jicho, pale tawi jipya linapochipukia, linalotazama nje. Jani lenye matundu liache lilivyo. Halitapona, lakini sehemu ya kijani iliyobaki bado inaulisha mti. Maji yaende kwenye mizizi, asubuhi, na matandazo ya sentimita 5 hadi 8 yasiguse shina.

Na usiku baridi ikinukia, funika kwa shuka. Si nailoni, nailoni ikilala juu ya jani, linaganda pale pale ilipogusa. Shuka lifike chini pande zote, maana joto linatoka udongoni, na asubuhi liondolewe. Ndiyo, shuka. Mwenye shuka atajifunika nini usiku huo, mwaridi haujawahi kuuliza.