Je, Ovari Zimeonekana?

Ukikaa nusu saa kwenye benchi la kliniki ya akina mama, Moshi au Arusha, hutakosa kusikia: "Nimeambiwa nina uvimbe kwenye kizazi." Mara nyingi ni kweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa na faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, kufikia umri wa miaka 50. Kwa hiyo daktari anayeona kwenye altrasaundi uvimbe mgumu, usio na maji ndani, akatamka "faibroidi", hajabahatisha.

Ila kuna uvimbe adimu wa ovari (mifuko ya mayai), kama faibroma na granulosa, unaoweza kuwa na sura hiyo hiyo. Faibroma ni ngumu vilevile, na faibroidi inayoning'inia nje ya kizazi kwa kikonyo hukaa palepale ilipo ovari. Faibroma si saratani, ingawa inaweza kujaza maji tumboni na kifuani na kupandisha CA-125, kipimo cha damu kinachohusishwa na saratani ya ovari, ndugu wakaanza kulia kabla ya msiba. Uvimbe wa granulosa ndio saratani: hukua polepole na mara nyingi humwaga estrojeni, mama aliyekwisha koma hedhi akashangaa damu imerudi.

Wapo wanaotaka kila mwenye uvimbe apigwe MRI, picha ya kina zaidi ya altrasaundi. Hofu yao naielewa. Lakini mama wa Rombo au Karatu atauza mbuzi alipe nauli na kipimo, pengine aambiwe yaleyale ya mwanzo. Huku akisubiri na damu inamtoka, muuza chupa za "kusafisha kizazi" anakuwa ameshamfikia. (Huyo haulizi kipimo chochote.)

Wengine husema tumbo likifunguliwa ukweli utaonekana. Hapo nasita. Granulosa ikipasuka wakati wa upasuaji, ugonjwa uliokuwa hatua ya IA (umefungika ndani ya ovari moja) unahesabiwa IC (umemwagika nje), na aliyejiandaa kutoa faibroidi huenda hakujipanga kuutoa uvimbe mzima. Tena saratani hiyo inaweza kurudi hata baada ya miaka 10 na zaidi. Nyama iliyotolewa isipopelekwa patholojia, maabara ya kuikagua kwa hadubini, mama anarudi nyumbani akijua alikuwa na faibroidi tu.

Mimi ningeanza na karatasi ya altrasaundi. Imetaja ovari zote mbili? Kama ya kulia haikuonekana na uvimbe uko kulia, hapo mbuzi auzwe. Hali kadhalika uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma, kwani faibroidi kwa kawaida husinyaa wakati huo. Mwenye mashine ya Doppler, altrasaundi inayoonyesha damu inavyopita, anaweza pia kufuata mishipa ya damu: ikitoka kizazini kuingia kwenye uvimbe, hoja ya faibroidi inapata nguvu. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na kwenye foleni ya Jumatatu asubuhi hizo dakika ndizo hazipatikani.