Mwanafunzi wa Modeli Aanzie Feri ya Likoni

Kila jioni, kwenye saa kumi na moja, watu waliokuwa kazini kisiwani Mombasa humiminika kuelekea feri ya Likoni ili warudi makwao, na foleni yao huwa na tabia zake: mara inasonga, mara inakwama bila sababu inayoonekana, mara inayeyuka kwa dakika chache kana kwamba haikuwapo. Hakuna aliyeipangia iwe hivyo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo panapofaa kuanzia shahada ya uzamili ya kuunda modeli, yaani picha za kihesabu za mambo halisi, na kuiga mifumo changamano kwa kompyuta, kabla mwanafunzi hajafungua kompyuta.

Mfumo changamano si mfumo mgumu tu. Injini ya feri ni ngumu, lakini fundi anaweza kuifungua kipande kwa kipande, akaielewa na kuirudishia. Abiria hawafunguliki hivyo, kwa sababu kila mmoja anawatazama wenzake: akisikia kuna msongamano huondoka kazini mapema, na walioamua vivyo hivyo wakiwa wengi, msongamano huhamia kwenye saa ile ile waliyokimbilia.

Hesabu za foleni zilianza mwaka 1909 na Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akishughulikia simu za Copenhagen, nazo zina utamu wake. Chukua kituo chenye mhudumu mmoja, ambapo wateja hufika bila mpangilio na muda wa kuwahudumia hautabiriki. Mhudumu akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, kwa wastani kituoni hapo pana watu 4. Ikiwa asilimia 90, pana 9. Ikiwa 95, pana 19. Kazi imeongezeka kidogo, foleni imezidi maradufu. Anayelijua hili hashangai kwa nini feri moja tu ikiharibika mji mzima hulalamika.

Hata hivyo, feri si mhudumu wa Erlang. Hubeba watu kwa mkupuo, na kasi ya kuwapakia hutegemea bahari. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mteremko wa kuingilia huwa mkali, na hamali mwenye mkokoteni uliojaa huhitaji wenzake wa kumsaidia kuuzuia usimkimbie, huku walio nyuma wakisubiri. Meli kubwa ikiwa inaingia bandari ya Kilindini, feri hungoja ipite, maana njia ya maji ni hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyechukua wastani wa mwezi mzima ameyatupa yote hayo bila kujua kwamba yalikuwapo, na grafu yake itapendeza vilevile. Hamali, ambaye hajawahi kuandika mlinganyo, angemkosoa kwa sentensi moja.

Mfano mwingine ni wa modeli za magonjwa. Ronald Ross alikuwa daktari, na alipasua mbu kwa muda mrefu huko India hadi alipoviona vimelea vya malaria kwenye tumbo la mbu mwaka 1897. Hesabu zake za baadaye zilionyesha kwamba si lazima kuangamiza mbu wote. Inatosha kuwapunguza hadi chini ya kiwango fulani, na ugonjwa utakosa nguvu ya kuendelea. Ni vigumu kwangu kuamini kwamba mtu asiyewajua mbu angejua ni kipi cha kuacha nje ya milinganyo hiyo.

Sisemi hisabati ipunguzwe. Asiyejua nadharia ya uwezekano atadanganywa na picha zinazocheza kwenye skrini, na programu kama NetLogo, ambayo hupatikana bure, huzichora kwa urahisi mno. Ninachotaka ni muhula wa kwanza utumike nje, mlango ufunguliwe kwa wauguzi, wanajiografia na watu wa bandarini walio tayari kujifunza hesabu, na kila tasnifu iwe na msimamizi mmoja asiyetoka idara ya hisabati. Masomo yatachelewa kidogo kumalizika, na ada itauma zaidi; gharama hiyo naikubali.

Mtihani nao uwe hivi: mwanafunzi aandike asubuhi, kwenye karatasi iliyofungwa kwa gundi, ni watu wangapi watakaoachwa na feri ya saa kumi na moja na nusu upande wa kisiwani, akiwa ametazama jedwali la maji kupwa na kujaa. Jioni aende na mtahini wake wakahesabu.